Darasa la watoto wadogo kanisani: tuwasimulie kwanza, kukariri kutafuata

Mwanzisha uzi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya walimu wa shule ya Jumapili, hasa wale wanaopewa watoto wa miaka mitatu hadi sita, pamoja na wazazi na wazee wa kanisa ambao ndio wanaoamua darasa hilo likae wapi, lipewe nini na lifundishwe na nani. Mimi ni mwalimu wa watoto katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mkoani Kilimanjaro. Hoja yangu ni moja, nami naomba uvumilivu wenu niieleze kwa urefu: mtoto wa umri huu huipokea imani kwa kusimuliwa, lakini sisi tumelifanya darasa lake kuwa mahali pa kukaririshwa mistari, kuhubiriwa, na kufanya mazoezi ya kuwafurahisha watu wazima.

Katika sharika nyingi nilizofika, watoto wote ambao hawajaanza mafundisho ya kipaimara hutolewa nje mara baada ya nyimbo za mwanzo na kupelekwa chini ya mti au kwenye chumba ambacho siku hiyo hakina kikao. Wa miaka mitatu huketi benchi moja na wa miaka kumi na miwili, miguu yake ikining'inia. Mwalimu huwa ni kijana mmoja mwenye moyo wa kweli wa kutumika, ambaye hajawahi kupelekwa semina hata moja wala kukabidhiwa kitabu cha mwongozo. Akizungumza kwa kiwango cha wakubwa, wadogo huanza kuchezea mchanga. Akishuka kwa wadogo, wakubwa huanza kupigana mateke chini ya benchi. Basi hujikuta amebakiwa na yale tu yanayoweza kufanywa na wote kwa pamoja, yaani kuimba kwa makofi na kuitikia mstari wa Biblia baada yake, tena na tena, mpaka kengele ya mwisho wa ibada ilie.

Utaratibu huu una asili yake. Shule ya Jumapili ilienea kwa juhudi za Robert Raikes, mhariri wa gazeti katika mji wa Gloucester nchini Uingereza, ambaye kuanzia 1780 aliwakusanya watoto waliokuwa wakifanya kazi siku sita za juma na kuzurura mitaani siku ya saba, akawawekea walimu wa kuwafundisha kusoma kwa kutumia Biblia. Ilikuwa kazi njema sana, na kanisa linapaswa kuishukuru. Hata hivyo, ililenga watoto waliokwisha kufikia umri wa kushika kitabu, na ndiyo maana ilibeba desturi za shule: benchi, zamu ya kusoma, mstari wa kukariri, zawadi kwa aliyeshinda. Ilipofika kwetu ilikuja na desturi zake hizo, na leo tunazitumia hata kwa mtoto ambaye bado anavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

Hapa Uchagani alikuwapo mtu aliyetambua mapema uzito wa rika. Bruno Gutmann, mmisionari wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani aliyefika mwaka 1902 na kutumika kwa miaka mingi Old Moshi, alitaka usharika usimame juu ya mahusiano ambayo Wachaga walikuwa nayo tayari, yaani ukoo, ujirani na rika. Yapo mengi ambayo mtu anaweza kumpinga, lakini katika hilo la rika aliona vizuri, nasi tunaoabudu katika milima ile ile hatulitendei haki tunapowaketisha watoto waliopishana miaka tisa mbele ya mwalimu mmoja na somo moja.

Nieleze sasa jinsi somo moja linavyoweza kwenda, ili nisionekane nalalamika tu.

Chukueni Luka 15. Walimu wengi hukimbilia mfano wa kondoo mia kwa sababu ndio unaofahamika zaidi, lakini mtoto wa miaka minne hawezi kuiona mia moja akilini. Mistari minne mbele yupo mwanamke mwenye shilingi kumi, na kumi ni hesabu ambayo mtoto anaimiliki kwenye vidole vyake mwenyewe. Mimi hutandika mkeka, nikaketi juu yake pamoja nao, nikapanga visoda kumi vilivyooshwa katika mstari mmoja. Tunavihesabu kwa pamoja, kisha tunavihesabu tena, kwa kuwa hakosekani anayetaka kurudia. Ndipo ninaposimulia kwamba alikuwapo mama mmoja mwenye shilingi kumi, na kwamba alizifunga kwenye pindo la kanga yake ili zisipotee. Na ninapolisema hilo, navifunga kweli kwenye pindo la kanga iliyoko begani mwangu. Kisoda kimoja nakiachia kimyakimya kiteleze chini ya ukingo wa mkeka. Kunapokucha katika hadithi, nafungua pindo, tunahesabu, na tunapata tisa. Tunahesabu upya, na ni tisa vilevile. Hapo darasa hutulia kwa namna ambayo hakuna amri ya kunyamaza iwezayo kuileta. Mama anawasha taa, nami nainua koroboi isiyo na mafuta. Mama anachukua ufagio, nami nampa ufagio wa chelewa mtoto aliye karibu nami, naye anafagia kwa bidii zote. Wengine wanainua mkeka. Anayekiona kisoda hukishika juu na kupiga kelele, nasi sote tunapiga kelele pamoja naye, maana ndivyo Maandiko yanavyosema: aliwaita rafiki zake na jirani zake wafurahi pamoja naye.

Somo linaishia hapo. Sisimami tena kuwaeleza kwamba shilingi ni mwenye dhambi, kwamba ufagio ni neno, na kwamba mtoto asiyemtii mama yake ni shilingi iliyopotea. Siku moja, tulipokuwa tukikunja mkeka, binti mmoja wa miaka mitano alinishika mkono akaniuliza kama ile shilingi ilikuwa ikiogopa kule gizani. Nikamuuliza yeye anaonaje. Alifikiri kidogo, akasema iliogopa, lakini ilikuwa inasikia ufagio unakuja. Wenzangu, hakuna ufafanuzi wa mfano huo ambao ningeweza kumpa uliokuwa na thamani kuliko ule aliojipatia mwenyewe; na kama ningeujaza muda ule kwa maelezo yangu, swali lake lisingepata nafasi ya kutoka.

Kwa sababu hiyo napendekeza hadithi moja ikae darasani Jumapili tatu au nne mfululizo. Mtu mzima huchoka kusikia jambo alilokwisha kulijua, lakini mtoto mdogo hulifurahia zaidi kadiri anavyolijua, na mara ya tatu ataanza kumsahihisha mwalimu anaporuka sehemu. Hadithi ya kijana Samweli katika 1 Samweli 3 yenyewe imejengwa kwa marudio: anaitwa, anamkimbilia Eli, anarudishwa kulala, anaitwa tena. Watoto huiigiza bila mafunzo yoyote, mmoja akilala mkekani, mwingine akiwa mzee Eli, na wote wanajua ni wakati gani Eli atakapotambua ni nani anayeita.

Uchaguzi wa hadithi nao unahitaji hekima, kwani Biblia ni ya watu wote lakini si kila sura yake ni ya kila umri. Mzazi mmoja alinieleza kwamba mwanawe wa miaka minne, baada ya kufundishwa habari za Ibrahimu alipotaka kumtoa mwanawe Isaka sadaka (Mwanzo 22), alikataa kwa siku kadhaa kwenda shambani na baba yake aliyekuwa amebeba panga. Mtoto huyo alisikiliza vizuri kuliko tulivyodhani. Sura ile ina kina ambacho hata wanatheolojia hukiendea kwa tahadhari, na inaweza kusubiri mpaka mtoto awe na umri wa kuuliza na kujibiwa.

Mwisho niseme juu ya sikukuu ya Mikaeli na Watoto, inayoadhimishwa katika sharika zetu mwishoni mwa Septemba. Naipenda siku hiyo, na sitaki mtu anielewe kwamba nataka ifutwe. Ila kwa wiki nyingi kabla yake, darasa la wadogo huacha kujifunza na kugeuka kuwa kambi ya mazoezi ya ngonjera, maigizo na mistari mirefu ambayo mtoto haelewi. Siku yenyewe anasukumwa mbele ya kipaza sauti akiwa amevaa sare mpya, anaona mamia ya macho, analia, na waumini wanacheka kwa upendo. Kicheko hicho ni cha upendo kwetu sisi. Kwa mtoto ni kicheko tu. Kwa nini siku hiyo wadogo wasiketi pale mbele kwenye mkeka, nasi usharika mzima tukasimuliwa pamoja nao hadithi wanayoijua, wao wakituongoza katika sehemu za kuitikia?

Karibuni tujadili.

Mchangiaji, katekista wa parokia

Tumsifu Yesu Kristo. Nimesoma andiko la mwalimu kwa makini na ninakubaliana naye katika mengi, hasa lile la rika. Kwetu Wakatoliki lipo Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, ambalo lengo lake ni watoto kuwasaidia watoto wenzao kwa sala na kwa sadaka. Hilo limetufundisha kwamba mtoto si mpokeaji tu, bali anaweza kuwa mmisionari katika kiwango chake.

Lakini katika suala la kukariri naona mwalimu amevuka mpaka. Tangu Papa Pius wa Kumi alipoelekeza mwaka 1910 kwamba mtoto anaweza kupokea Komunyo ya Kwanza anapofikia umri wa kutambua, yaani karibu na miaka saba, sisi makatekista tumekuwa na wajibu wa kuwaandaa watoto mapema, na maandalizi hayo hayawezekani bila sala zilizoshikwa kichwani. Nimewahudumia wagonjwa ambao hawakuweza tena kufuatana na mazungumzo yoyote, lakini nilipoanza Salamu Maria waliimalizia. Maneno hayo waliyapata wakiwa wadogo, na inawezekana kabisa kwamba siku walipofundishwa hawakuyaelewa hata nusu. Je, tungewanyima?

Mwanzisha uzi

Milele amina, katekista. Nakushukuru kwa hoja hii, na hilo la wagonjwa nalijua, kwani hata kwetu nimewaona wazee wakiimaliza Sala ya Bwana katika hali kama hiyo. Tusiwanyime.

Niruhusu nitofautishe mambo mawili ambayo kwa haraka yanafanana. Sala unazozitaja hukaa kwa mtoto kwa sababu anazisikia nyumbani jioni, anazisikia kanisani, anaziona zikisemwa na watu wazima waliopiga magoti, na yeye anaingia ndani yake taratibu, kwanza neno la mwisho la kila sentensi, kisha sentensi nzima. Hakuna anayemshindanisha. Ninachokipinga ni ule mstari mpya wa kila Jumapili, unaosemwa mara ishirini kwa sauti kubwa, ukatolewa zawadi ya pipi kwa aliyeuweza, na ukasahaulika Jumatatu kwa kuwa haukuunganishwa na jambo lolote. Tena pipi ile humfundisha jambo la pili, kwamba kushika neno la Mungu ni mashindano na kwamba mwenzake aliyenyamaza ameshindwa.

Hata Martin Luther, alipotoa Katekisimo Ndogo, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529, alielekeza sehemu zake kwa mkuu wa nyumba ili azifundishe kwa watu wa nyumbani mwake. Kukariri kulikusudiwa kukae ndani ya maisha ya kila siku. Kama parokia yako imefanikiwa kuwashirikisha wazazi katika sala za nyumbani, basi mko mbele yetu, na ningefurahi utueleze mmefanyaje.

Mchangiaji, mzazi kutoka Mbeya

Shalom wapendwa. Mimi ni Mmoraviani na ni mama wa watoto wawili. Nina maswali mawili kwa mwalimu. La kwanza, binti yangu wa miaka minne amerudi kanisani akisema kwamba mtoto anayesema uongo ataungua moto, na sasa hataki kulala taa ikizimwa. Nimwambie nini bila kumdharau mwalimu wake? La pili ni la kawaida zaidi lakini linaninyima amani: ninapokuwa ndani ya ibada, ni nani anayempeleka mwanangu chooni?

Mwanzisha uzi

Pole, mama, na asante kwa kuuliza yote mawili, kwani la pili ni zito kama la kwanza.

Kuhusu moto, mwambie binti yako kwamba Mungu anayefundishwa kanisani ni yule ambaye Yesu alimwonyesha alipowakumbatia watoto na kuwabariki, kama ilivyoandikwa katika Marko 10, na kwamba akisema uongo anaweza kuja kwako na kwa Mungu akasamehewa siku hiyohiyo. Kisha umwone mwalimu faragha, baada ya ibada, bila lawama. Mara nyingi mwalimu wa namna hiyo anarudia tu alivyofundishwa yeye. Mtoto wa miaka minne hajatofautisha vizuri uongo na mambo anayoyabuni katika michezo yake. Anaweza kukuambia kwamba simba alipita jikoni, na akawa anaamini nusu yake. Kumtishia kwa moto kwa ajili ya hilo hakumfanyi kuwa mkweli, bali kunamfanya amwogope yule ambaye tungetaka amkimbilie. Wanafunzi wa Yesu ndio waliowazuia watoto siku ile, na Yesu alichukizwa nao.

Kuhusu choo, nitakujibu kama ninavyowajibu wazee wa kanisa letu. Hakuna mtu mzima anayepaswa kuwa peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, awe mwalimu, mwinjilisti, mwanakwaya au mchungaji. Darasa la wadogo linahitaji watu wazima wawili kwa uchache, na mlango wake ubaki wazi. Mtoto akitaka kwenda chooni, wapelekwe wawili au watatu kwa pamoja wakiongozana na mwalimu wa kike anayejulikana na wazazi, huku mwalimu wa pili akibaki na wengine. Na inapowezekana, mzazi aitwe. Mtoto akabidhiwe kwa aliyemleta, si kwa yeyote anayesema ni jirani. Viboko na kufinywa masikio visiwepo kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili popote alipo, na uwanja wa kanisa haukutengwa. Mwalimu anayeona dalili za mtoto kuumizwa, hata kama ni nyumbani kwao, asiishie kuombea tu wala kuwaachia wazee walimalize kimya. Atoe taarifa ustawi wa jamii au polisi, na ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Wapo watakaosema kwamba taratibu hizi zinaonyesha kutoaminiana kati ya wapendwa. Mimi naziona ni heshima kwa mzazi anayetukabidhi mwanawe, na pia zinamlinda mwalimu mwaminifu asishukiwe bure.

Mchangiaji, mzee wa kanisa

Mwalimu, nakupongeza kwa kazi. Mimi natazama upande wa uwezo. Usharika wetu una jengo ambalo halijaezekwa, una deni la vyombo vya muziki, na walimu wa kujitolea ni wachache. Unapotaka madarasa mawili au matatu na walimu wawili kila moja, unatuomba kitu ambacho hatuna.

Mwanzisha uzi

Asante, mzee wangu, na nakuheshimu kwa kulisema wazi, kwa kuwa hapa ndipo mipango mingi ya watoto inapokwama.

Kuhusu vifaa, ninachokiomba kwa darasa la wadogo ni mkeka mmoja mkubwa, ufagio, kanga kuukuu, visoda, mawe ya mtoni yaliyooshwa, na Biblia ambayo mwalimu ameisoma nyumbani Jumamosi ili asiisome mbele ya watoto akiwa ameinamisha kichwa. Vyote hivyo havifikii gharama ya kipaza sauti kimoja. Jengo si sharti. Kivuli kinatosha, mradi kiwe mbali na spika za nje, kwa sababu hakuna hadithi inayoweza kushindana na spika.

Kuhusu watu, naomba tuwatazame mabibi. Katika kila usharika wapo wanawake wazee waliokwisha kulea watoto na wajukuu, wanaojua kuanza hadithi kwa sauti ya chini na kumfanya mtoto asogee karibu, ambao hawakuwahi kuombwa kufundisha kwa sababu tunadhani mwalimu wa watoto lazima awe kijana mwenye cheti cha kidato cha nne. Hiyo ni hazina tunayoiacha ikisinzia kwenye benchi za nyuma. Mpeni bibi mmoja hadithi moja kwa mwezi, mkae naye kuhakikisha anaifuata Biblia, na kijana akae pembeni yake akisaidia na akijifunza. Hivyo mmepata watu wazima wawili bila kuongeza mshahara wa mtu. Kama Kiswahili chake kimechanganyika na Kichaga au Kinyakyusa, na watoto wa hapo wanaielewa lugha hiyo, hakuna kilichoharibika.

Wakubwa, wa miaka saba na kuendelea, wabaki na yule kijana mwenye kitabu, nao wasome, wakariri na washindane kidogo, kwani umri wao unaruhusu. Mgawanyo wa madarasa mawili tu unatosha kwa kuanzia.

Kama baraza la wazee wenu litakubali, anzeni na Jumapili nne za mwezi mmoja kwa hadithi moja, kisha waulizeni wazazi watoto wanasimulia nini wanapofika nyumbani. Mimi ningependekeza ile ya shilingi kumi, na yeyote anayehitaji maelezo ya kuipanga hatua kwa hatua aandike hapa chini, nitayaweka yote kwa pamoja mwishoni mwa juma hili, pamoja na ya Samweli.